Reli ya Spoki za Baiskeli

Telesphori alikuwa anagundisha taruma la mia tatu na arobaini king'ora cha saa nane kilipolia. Mataruma yenyewe yalikuwa njiti za kiberiti zilizokatwa katikati, gundi ilikuwa utomvu wa mgunga, na reli zilikuwa spoki za baiskeli alizozinyoosha kwa nyundo ndogo. Upana wa njia ulikuwa kidole kimoja. Aliwasikia watu wa zamu ya asubuhi wakipita nje ya karakana wakiburuta mabuti, lakini hakuinua kichwa. Fundi wa reli hasimamishi kazi katikati ya njia, husimama kwenye kiungo.

Kazi hiyo alipewa na Meneja. Mwaka huo wa 1965 mgodi wa Nyamitwe, ulioko mwendo wa siku nzima kwa lori magharibi ya Kalangalala, ulikuwa umepewa meza kwenye maonyesho ya Saba Saba kule Mwanza, na Meneja hakutaka kupeleka mawe matupu. Alitaka mgodi mzima uonekane juu ya meza, na reli zake nyembamba, na matoroli yake. Kila mtu alijua nani ataweza. Telesphori alitandika reli chini ya ardhi miaka kumi na tisa, na hakuna handaki ambalo hakulipima kwa nyayo zake mwenyewe. Tangu Machi alikuwa haingii tena chini. Alisema ni mgongo, wakamwamini, maana mgongo wa mtu hauna shahidi.

Basi akaujenga. Matoroli aliyakata kwenye makopo ya samaki na kuyalehemu, nguzo za kushikilia paa zilikuwa vijiti vya fagio, na mawe yalikuwa mawe kweli, yaliyopondwa kwa nyundo hadi yakawa saizi ya ulezi. Upande wa mbele aliukata wazi akaweka kioo, mtu asimame aone mahandaki yote ndani ya mlima, kama mkate uliopitiwa na kisu.

Kosa alilifanya kwenye njia panda ya chini kabisa. Nyapara wake, Theonest, alikuwa amemwambia mapema kwamba handaki la tano limefungwa na limefutwa kwenye ramani, asihangaike nalo. Telesphori aliitikia. Lakini alipofika pale reli inapogawanyika, aliona aibu kuacha mdomo wa njia ukielekea ukutani. Reli isiyokwenda popote ni tusi, na kila atakayeiona atajua fundi alikuwa mvivu. Mkono wake ukachukua spoki nyingine, na nyingine. Alhamisi jioni handaki la tano lilikuwa limekamilika, na mwishoni mwake aliacha toroli moja.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuta toroli limesogea. Lilikuwa linasukumwa na watu saba, kila mmoja urefu wa njiti nzima ya kiberiti. Walilisukuma mpaka njia panda, wakasimama, wakalirudisha walikotoka, kisha wakaanza tena. Telesphori aligundua kwamba gurudumu la kushoto linalia. Akachovya sindano kwenye mafuta ya cherehani, akapitisha mkono nyuma ya mlima, akalitia tone moja.

Watatu kati yao aliwatambua kwa kofia zao. Wa nne alimtambua kwa tabia. Kabla ya kusukuma, mtu yule aligonga toroli mara tatu kwa kifundo cha kidole, na katika mgodi mzima mwenye mazoea hayo alikuwa mmoja tu, Ansgar, mume wa Lukresia.

Telesphori akakaa juu ya sanduku la misumari. Hakushangaa. Aliona haya, haya ya mtu aliyefuatwa nyumbani kwake.

Maana mwezi wa Machi paa la handaki la tano lilikuwa limeanguka. Asubuhi ile Theonest alimshusha pamoja na spana, akamwambia reli zilizobaki upande huu wa kifusi zing'olewe, zinahitajika handaki la sita. Telesphori aliinama kulegeza bolti ya kwanza, akasikia reli inagonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Chuma kilikuwa kinapita chini ya kifusi na kuleta sauti kutoka upande wa pili. Na sheria ya watu wa chini ni moja, kila mchimbaji anaijua kabla hajajua njia ya chooni: ukigongewa, jibu kwa idadi ileile, ili mwenzako ajue amesikika. Spana ilikuwa mkononi mwake. Akamtazama nyapara. Theonest alisema mlima unajinyoosha tu, tena akasema kwamba nyumba za mgodi ni za watu wanaofanya kazi. Telesphori alikuwa na nyumba ya mgodi, yenye vyumba viwili na jiko. Akalegeza bolti. Alipotoa reli ya kwanza, sauti ikakatika, kwa sababu haikuwa na pa kupita.

Wiki ile watu saba waliandikwa kwenye kitabu cha wafanyakazi kuwa watoro. Ikasemekana wamekwenda Maganzo kuchimba almasi. Kaka yake Ansgar aliapa kwamba kuna mtu amemwona huko amevaa kofia mpya.

Jioni Telesphori alimweleza mkewe, Generoza, jinsi mambo yalivyo karakanani. Generoza alikuwa anapepeta mchele, akauliza kama wale watu wamekula. Akajibiwa hapana. Akauliza tena kama Mama Philomena ameambiwa, na kwa kuwa jibu lilikuwa hapana vilevile, aliweka ungo chini, akajitanda khanga akaenda mwenyewe kumwambia.

Lukresia, huyo Mama Philomena, alikuwa mwanamke wa Ushirombo, mtu wa kanisa, na miezi mitatu ile ilikuwa imemkausha. Alikuwa hana mume na hakuwa mjane. Padre hawezi kumwombea kama marehemu mtu anayetembea Maganzo na kofia mpya. Matanga hayakukaliwa. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kusema kwamba mwanamume hatoroki nyumba yenye mke mzuri, na kila akipita kisimani wenzake walinyamaza kidogo halafu wakaendelea kuteka maji.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Alimwamkia Telesphori shikamoo, akaitikiwa marahaba, akainama kwenye kioo. Alitazama muda mrefu.

"Suruali ile niliitia kiraka mimi," alisema.

Telesphori alimwonyesha jinsi ya kusikiliza. Spoki ya mwisho ilitokeza nje kidogo nyuma ya mlima, na mtu akiishika kwa meno husikia kila kinachotokea kwenye njia. Lukresia akaishika kwa meno. Ansgar aligonga mara tatu. Lukresia, ambaye hakuwahi kushuka mgodini hata siku moja lakini alilala na mchimbaji miaka tisa, akachukua msumari akagonga mara tatu. Yule mtu mdogo aliacha toroli, akageuka upande wa sauti, akavua kofia yake.

Tangu siku ile alikuja kila siku na uji kwenye kizibo cha soda. Watu saba waliuzunguka wakanywa, na siku ya Jumapili uliongezwa sukari. Hawakuweza kutoka. Wakifika njia panda walisimama kana kwamba kuna jiwe, ingawa Telesphori hakuwa ameweka jiwe lolote, na alipojaribu kumwinua mmoja kwa koleo, koleo lilirudi tupu.

Lukresia hakuomba watolewe. Aliomba jambo moja tu, dogo kwa macho yake: iandikwe kwamba mume wake yuko chini. Akishaandikwa, padre atasoma misa, shemeji watafumba midomo, naye atanyolewa nywele alie kama wanavyolia wenzake. Wiki ya mwisho ya Juni, Meneja alipokuja kukagua kazi pamoja na nyapara, alimkuta amesimama pale na kizibo chake, naye Lukresia akasema hayo yote, Theonest akiyatafsiri kwa kuwa Meneja hakujua Kiswahili.

Meneja alikuwa mtu mwangalifu. Aliagiza miwani ya kukuzia, akawahesabu watu wote saba, akaagiza na kitabu kiletwe kutoka ofisini. Alisoma majina, akalinganisha na sura, akakubali kwamba ndio wao. Halafu akasema maneno ambayo nyapara aliyatafsiri polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma ubao.

"Anasema kitabu kinawataja hawa kuwa watoro. Mtoro haruhusiwi kuingia mgodini. Kwa hiyo wamo humo bila ruhusa, na handaki lenyewe halipo. Fundi aling'oe kabla ya Saba Saba."

Alimsifu Telesphori kwa uzuri wa matoroli, akaondoka kwenda kula.

Theonest alibaki. Hakupaza sauti. Alizungumzia nyumba, jinsi paa lake lilivyo zima, na jinsi mvua za mwaka huu zinavyosemekana zitakuwa kubwa. Alipokwisha kuondoka, Telesphori alichukua koleo.

"Baba Kamili," Lukresia alimwambia, "ile siku ulipozing'oa zile reli kubwa, alikuwa anagonga?"

"Alikuwa anagonga."

"Ulimjibu?"

Jamani, mtu anaweza kudanganya hapo, na uongo wenyewe ungekuwa sadaka. Telesphori alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. "Sikumjibu," alisema.

Lukresia hakulia wala hakumlaani. Alimwaga uji uliobaki, akafuta kizibo kwa pindo la khanga, akakifunga humohumo. Telesphori akaanza kung'oa kuanzia njia panda, spoki moja moja, na vidole vilisikia kugonga mpaka spoki ya mwisho ilipotoka. Akalijaza handaki plasta. Ilipokauka aliipaka rangi ya mawe, na kwenye mdomo wa njia aliweka jiwe kubwa, ili isionekane kama kazi ya mtu mvivu.

Mwanza mfano ule ulipata cheti cha kwanza. Watu walipanga foleni, wazee wakashika viuno wakisema kweli fundi huyu ana mkono. Cheti kilitundikwa ofisini, juu ya kabati kinamokaa kitabu, na kitabu hakikubadilishwa hata herufi.

Lakini sauti ikikosa reli hutafuta chuma kingine. Wiki ileile, saa nane mchana, king'ora kikiwa bado kinalia, vyombo vyote vya Nyamitwe viligonga mara tatu, na ikawa hivyo kila siku. Sufuria ziligonga, majembe, baiskeli, kitasa cha kanisa. Watu walizoea upesi. Wanawake walisubiri kidogo kabla ya kuepua chakula, na fundi baiskeli aliweka spana chini. Wengi walikuwa wachimbaji au wake za wachimbaji, hivyo walijibu kwa idadi ileile, na nyumba iliyojibu ilitulia mpaka kesho yake. Lukresia alijibu kwa kijiko kwenye sufuria ya uji, kila siku, akaendelea na shughuli zake. Matanga hayakukaliwa. Kofia mpya ilizidi kuonekana Maganzo.

Jumapili moja ya Agosti Theonest alialikwa chakula kwa Telesphori, au tuseme alijialika, kama wafanyavyo wakubwa. Walikaa mezani wote watatu, ugali ukawekwa, Generoza akapakua kuku kwenye sahani za bati. King'ora kikalia. Sahani zikagonga mara tatu, zote kwa pamoja.

Kwa majirani vijiko vilisikika vikijibu, nyumba baada ya nyumba, mpaka mtaa ukatulia. Hapa sahani hazikutulia. Theonest alijisogezea ugali.

"Mlima unajinyoosha," alisema.

Generoza hakumtazama mgeni. Alimtazama mumewe, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mbele ya watu. Telesphori alikuwa ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa kimeinuka kidogo tu juu ya ukingo wa sahani. Alitazama paa, ambalo kweli lilikuwa zima. Kisha akachota mchuzi, akamwongezea mgeni.

Sahani ziligonga tena mara tatu, na Generoza akaishika ya kwake ukingoni ili mchuzi usimwagike.