Koleo na Kivuli Chake

Fundi aliyewapiku mafundi wote wa mtaa alikuwa Koleo. Usishangae sana: mtaa wenyewe ulikuwa na fundi mmoja.

Ukutani kwenye gereji yake alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila kifaa, na kila kifaa kikilala juu ya kivuli chake. Asubuhi hiyo kivuli kimoja kilikuwa kitupu, naye alikaa akikipa mgongo.

Siku nne nyuma mume wa dada yake alileta pikapu, gurudumu la mbele likichemka mpaka linanuka. Kalipa, kile chuma kinachobana breki ya gurudumu, ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe. Koleo akaisukuma pistoni nyuma kwa mtaimbo, akapaka mafuta, akamwomba Mungu. Breki ikikanyagwa mara moja tu, inang'ang'ania tena. Na kalipa mpya isingepatikana mpaka wiki iliyofuata.

"Shemeji, saruji ya watu inanisubiri," mwenye gari akasema. "Au leo fundi kashindwa?"

Neno hilo ndilo lililomponza. Kushindwa, yeye? Akairudisha pistoni, akachukua koleo la kujifunga, lile lililompa jina, akaubana nalo mpira wa mafuta ya breki mpaka ukafumba, mafuta yasifike tena kwenye gurudumu hilo. Akarudisha tairi.

"Nimekufungia mpya."

Moyoni alisema Jumamosi atamalizia. Mafundi na Jumamosi!

Shemeji akazunguka mtaa mara moja, akashuka, akaligusa gurudumu kwa mgongo wa kiganja, kama paji la mtoto. "Homa imeshuka! Mikono yako ibarikiwe."

Gurudumu lisiloshika breki litatoa wapi jasho?

Mteremkoni, alipokanyaga breki, gari likavuta upande, likaingia korongoni na saruji yake. Jana walimzika.

Sasa dada yake aliingia, macho yamevimba, mkoba kwapani.

"Kaka, kalipa ulifunga mpya kweli?"

"Mpya, dada. Nimeitoa kwenye boksi kwa mikono hii."

"Na kile kivuli mbona kitupu?"

Koleo hakugeuka. "Limeibiwa. Wiki iliyopita. Wezi wa siku hizi, dada yangu..."

"Askari waliniita nichukue vitu vya marehemu," alisema. Akafungua mkoba, akaenda ukutani, akatundika.

Lilikaa sawasawa, mdomoni bado limeuma kipande cha mpira.