Sindano Kabla ya Harusi ya Tarbaj

Miaka ishirini naimba buraanbur katika harusi za Garissa, na hakuna mwanamke aliyewahi kunishinda. Nimeshindwa na maji tu. Buraanbur ni mashairi yetu sisi wanawake: ngoma inapigwa, mmoja anasimama kusifu ukoo, wengine wanaitikia. Mwaka jana niliitwa kijiji kimoja nje ya Mandera. Nilifika wiki mbili mapema, kama ilivyo desturi, kusaidia kusuka mikeka ya nyumba ya bibi harusi, na siku zote hizo nilikunywa maji ya bwawa bila kuuliza. Siku ya harusi yenyewe nilikuwa nimelala na homa, tumbo linasokota, nikimsikia Kowsar, mshindani wangu wa siku zote, kupitia ukutani akiimba mahali pangu. Hospitalini wakasema ni taifodi. Taifodi ilinilaza, sikatai, lakini aliyenikondesha ni Kowsar.

Mwaka huu aliyeolewa ni Siham, binti wa marehemu dada yangu Rahmo, na harusi ilikuwa Tarbaj. Kwetu upande wa mama una ubeti wake: mama anatajwa kwa jina mbele ya wakwe, na anayemtaja ni ndugu yake wa kike. Rahmo hakuwa na dada mwingine ila mimi. Ningeugua tena, angepitwa kimya katika harusi ya mtoto wake wa pekee. Hilo liliniogopesha kuliko sindano, na sindano naziogopa kweli.

Basi nikaenda kuchanjwa taifodi katika zahanati ya karibu na kwetu Galbet, hapa Garissa, mwezi mzima kabla ya harusi. Nesi alikuwa Mkamba wa Mwingi, mpole, mikono baridi.

"Dakitari, nibige mbili," nikamwambia. "Mmoja huku, mmoja huku."

"Moja inatosha, mama. Na vizuri umekuja mapema, maana inachukua kama wiki mbili kuanza kazi."

Akanichoma. Nikapiga yowe watu wa foleni wakacheka.

"Sasa wiki mbili ikiisha, nakunywa maji bobote?"

"Hapana, mama. Inapunguza hatari, haiimalizi. Maji chemsha, maziwa chemsha, mikono nawa."

Nilikasirika. Yowe lote lile, halafu bado nichemshe maji!

Wiki mbili zilipotimia nikasafiri. Wanawake wa Tarbaj walikuwa wameshatandaza miaa na nyuzi, wanasuka mikeka. Warsan, mama wa bwana harusi, akanijia mwenyewe na chombo kilichofukizwa moshi, kimejaa maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Kila mkono ukasimama. Wafugaji hawachemshi maziwa ya ngamia. Kwao kuyachemsha ni kuyaharibu. Na kukataa maziwa ya mkwe ni kama kumkataa mwanawe.

Nilikipokea. Nikajiambia, si umechomwa, Hawo? Kunywa tu. Kiu nilikuwa nayo, aibu nilikuwa nayo, na maziwa yalinukia vizuri mno. Kikafika mdomoni. Hapo nikamfikiria Rahmo, nikakishusha, nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikaimba:

"Warsan, ngamia wako sifa zake zimefika Garissa,
Maziwa yake nayatamani, wallahi sikukatai,
Ila nina dada wa kumtaja, na homa ilinilaza mwaka jana,
Yapitishe motoni kwanza, ndipo nikuombe kikombe cha pili."

Warsan akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Nikajua nimeivunja harusi kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha akapiga makofi mara mbili, naye akaimba:

"Watu wa mjini mnaogopa hata kilichowalea,
Lakini mgeni akiomba moto, sisi tunao wa kutosha."

Vigelegele hivyo! Akaagiza sufuria, akachemsha maziwa mwenyewe, akatia majani ya chai na sukari isiyo na huruma. Nilikunywa vikombe vitatu. Tangu hapo maji yangu yalichemshwa kila siku, na watoto wakaniita Hawo Sufuria mbele ya wageni. Niliwafukuza na kiatu, lakini maji nilikunywa.

Siku ya harusi niliamka mapema, nikajishika paji la uso. Baridi. Nikajishika tena, nisiamini. Jioni ngoma ilipoanza nikasimama mbele ya watu wote, nikaimba Rahmo binti Yarow, nikasema aliyemzaa huyu ni dada yangu, na sauti haikutetemeka. Siham akajifunika uso na shashi, kitambaa chake chekundu cha kichwa, akalia. Mimi nilijizuia hadi neno la mwisho.

Kwa desturi, baada ya hapo wakwe hujisifu wao. Warsan alisimama, lakini hakujisifu. Alimgeukia Siham, akamwimbia marehemu mama yake:

"Rahmo, sikukujua, lakini jina lako nimelisikia leo.
Msichana wa kwanza atakayezaliwa nyumbani humu, tutamwita Rahmo."