Jiwe la Kati

Kahawa ilikuwa tayari na halua imeshakatwa, lakini Bi Mahfoudha hakuwa na nia ya kumimina hata kikombe kimoja. Alikaa majlisini katika nyumba mpya ya mwanawe, huko Mabela, Maskati, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Mwanawe Hisham alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kumchukua mgeni. Habari zenyewe zilikuja kwa watsapu ya watu wa Unguja: binti wa Bakhit anapita Maskati kwenda Umra, ndege yake ya Jidda ni jioni, anaomba nusu saa tu. Bi Mahfoudha alitaka kukataa. Ila mtu anayekwenda Makka akija kutaka radhi hafungiwi mlango. Alilelewa hivyo, na ukaidi wake wote, uliosifika mpaka mtaa wa Wattaya, haukuthubutu kuivuka desturi hiyo. Mlango ataufungua, alimwambia Hisham, lakini radhi ni jambo jingine.

Bakhit alizaliwa Mtondooni, kwenye shamba la mikarafuu la Sheikh Thabit, babake Bi Mahfoudha. Akaenda kupigana Burma na jeshi la Keya, akarudi na medali na mguu unaochechemea. Mwaka sitini na nne serikali mpya iliwakusanya askari wa zamani kama yeye, ikawapa bunduki tena, ikawaita volantia. Kazi yao ilikuwa kuwatoa wenye mashamba ili ardhi igawiwe eka tatu tatu. Tusidanganyane, wengi wao hawakuwa wamewahi kumiliki hata mgomba mmoja, na mtu aliyepigania ufalme wa wengine akarudi mikono mitupu ana haki ya kuuliza. Lakini siku walipoingia Mtondooni aliyetangulia mbele alikuwa Bakhit, na Sheikh Thabit hakuonekana tena. Mahfoudha alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa miaka sitini na zaidi alikuwa akimsomea babake khitma bila ya kujua alipolala, na hilo ndilo lililomla, kuliko shamba, kuliko nyumba. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mgeni aliingia, akavua viatu, akainama. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, jina lake Mwanamize.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha."

"Marahaba," alijibu, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu. Birika hakuligusa.

"Nnajua hunitaki, bibi. Lakini baba kaniachia wasia, na mimi siwezi kuizunguka Kaaba na amana ya mtu shingoni."

"Babaako kaniulia babaangu. Amana gani?"

Mwanamize hakuyakwepa macho yake. "Risasi hakupiga yeye. Lakini yeye ndiye aliyewaleta, na mpaka anakufa hakujitoa katika hilo. Wenziwe walitaka maiti ikatupwe baharini. Akasema, niachieni mimi. Hakuitupa. Alimkosha, akamkafini kwa shuka yake mwenyewe, akamsalia peke yake, akamzika pale pale shambani, nyuma ya kisima."

Bi Mahfoudha alishika ukingo wa kochi. Kaburi lipo. Neno hilo alilingoja umri mzima, na sasa lilipofika halikumkaa kichwani.

"Uwongo," alisema. "Mwaka tisini na nne nilikwenda kwa miguu yangu. Nilizunguka shamba zima. Nyuma ya kisima pana kaburi la mwanamke."

"Umejuaje la mwanamke?"

"Lilikuwa na mawe matatu!"

Kila Mmanga, Mwarabu wa Omani, anajua: mwanamume huwekewa mawe mawili, la kichwani na la miguuni, na mwanamke huongezwa la kati.

"Aliliongeza kusudi, bibi. Wenziwe wangeliona kaburi jipya la mwanamume wangelifukua. Akawaambia kamzika dadaake."

 Bi Mahfoudha aliikumbuka siku ile vizuri mno. Mzee Bakhit alikuwa akimfuata akichechemea, kofia mkononi, akiita, "Bi Mahfoudha, nnaomba neno moja tu." Yeye akamwambia akisogea atapiga kelele. Ndipo akaliona lile kaburi, na papo hapo akajua, au alidhani anajua, kuwa ni la mke wa Bakhit. Ardhi yetu wameichukua, alisema moyoni, na sasa wanazika humo maiti zao. Hasira zikampanda. Hata Fatiha hakusoma.

"Siku ile baba alikuona," alisema Mwanamize polepole. "Na mimi nilikuwepo."

"Nilipiga teke."

"Jiwe la kati. Liling'oka. Mimi nilitaka kulirejesha, baba akanikataza. Akakaa chini akalia. Akasema, mwenyewe kaja kalitoa, sasa Sheikh Thabit karudi kuwa mwanamume. Mpaka leo yamebaki mawili, bibi. Kaburi lilivyotakiwa kuwa ndivyo lilivyo."

Alikusudia kumfariji, maskini, na pengine mtu mwingine angefarijika. Bi Mahfoudha alijifunika uso kwa mtandio na kulia kwa sauti, kilio cha mtoto wa miaka kumi na mmoja, hata Hisham akaja mbio akasimama mlangoni asijue la kufanya.

Kahawa ilikuwa imepoa alipoinua kichwa.

"Bakhit nimemsamehe," alisema. Neno alilolikaba miaka yote ile lilitoka jepesi, kwa sababu halikuwa tena lililo zito kwake. Akamshika Mwanamize mkono, akaukamata kwa nguvu. "Ukifika kule, mdogo wangu, usimwombee babaako peke yake, niombee na mimi. Nilivuka bahari kumtafuta babaangu, na nilipomfikia nikampiga teke."