Siku Kumi na Nne za Bibi Ramrati

Dilmaya alikuwa na miaka kumi, na dada yake Khimu kumi na mitatu, walipoujua mji wa Kashi kuwashinda watoto waliozaliwa humo. Wenyewe walitoka Nepali, milima ya Gorkha, mahali ambapo unatembea siku mbili kabla hujaiona barabara. Mama yao alibaki huko na nyati wawili wa maziwa na mama mkwe asiyejiweza. Baba akawachukua mabinti akaenda nao India kwenye kazi yake ya ulinzi. Jina lake lilikuwa Tilbikram. Lakini mjini pale kila mlinzi wa Kinepali huitwa Bahaduri, atake asitake, naye alikwisha kuchoka kubisha.

Nyumba aliyoilinda ilikuwa ya watu waliokuja kufa. Anayefia Kashi, ukingo ule wa Mto Ganga wenye mahekalu, hazaliwi tena kuja kuteseka duniani. Ndivyo ilivyoaminiwa, na mabinti waliamini hivyo hivyo. Kwa hiyo wagonjwa waliletwa kwa treni, kwa jipu, wengine kwa vitanda vya kamba mabegani mwa wana wao. Vyumba vilikuwa kumi, na sheria ilikuwa moja: siku kumi na nne. Ukifa, vyema. Usipokufa, jamaa zako wakurudishe kwenu, maana wengine wanangoja mlangoni.

Maiti hawakuwatisha mabinti wale. Waliwazoea kama mtoto wa mwenye duka anavyozoea sukari. Asubuhi walifagia ua, wakachota maji, wakanywa chai kwa mkate mkavu, kisha wakatoweka vichochoroni mpaka jua la utosi. Vichochoro vya Kashi ni vyembamba; ng'ombe akija mbele yako, huna budi kuingia mlango wa mtu umpishe. Waliijua njia ya kutoka kwa wachonga shanga hadi kwa wafumaji hariri bila kukanyaga barabara kuu. Walilijua hekalu la mbao la Wanepali lililo juu ya ngazi za mto, na nakshi zake za watu walio uchi, ambazo Khimu alimziba mdogo wake macho asizione walipopita. Walijua ni mlango upi una mbwa na ni upi una mzee mwenye fimbo.

Watoto wa mtaa waliwafuata wakiimba, "Bahaduri, Bahaduri, fungua geti!"

"Nitakufungulia siku ukifa," Khimu alijibu bila kugeuka. "Chumba nambari nne ni kizuri, hakivuji."

Mwezi wa Juni, joto likiwa limekaza, mwanamume mmoja aitwaye Girdhari alimleta mama yake kutoka kijiji kimoja cha jimbo la Bihar. Mama huyo, Ramrati, alikuwa mjane wa miaka zaidi ya sabini, mwepesi kama kikapu kitupu. Tangu mumewe afariki alikuwa ameacha kula kidogo kidogo, na sasa miguu haikumbeba. Msimamizi wa nyumba, Bwana Shukla, alimtazama mara moja tu, akaandika jina lake, akasema, "Siku tatu. Nne zikizidi."

Akapewa chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani.

Dilmaya alipopeleka maji ya Ganga kwenye kikombe cha shaba, bibi alifumbua macho. "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Bahaduri, mlinzi."

"Nina miaka sitini naililia Kashi," bibi alisema. "Nimefika, naona ukuta." Akapumzika, pumzi zikimwia nzito. "Wewe una miguu. Nenda ukaniangalizie, mjukuu wangu. Kisha uje unieleze."

"Nikuangalizie nini?"

"Kwanza mto. Wanasema hapa unageuka, unaelekea kaskazini, unarudi kwao milimani. Ni kweli?"

Dilmaya alikimbia hadi mtoni, akatupa ua la njano majini, akalitazama linakokwenda. Akarudi anahema. "Ni kweli, Bibi. Limekwenda upande wa kwetu."

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Kila asubuhi bibi aliwatuma, na kila adhuhuri, Girdhari akienda kuoga mtoni, mabinti waliketi kando ya kitanda na kumwaga habari. Walimweleza mahekalu na rangi za milango yake, nyani walioiba kiatu cha polisi, mahali pa kuchomea maiti ambapo moto hauzimwi. Khimu alisimulia kwa mpango. Dilmaya alisimulia kwa mikono na miguu, na bibi, aliyeletwa kufa, akacheka hadi akakohoa.

Siku ya tano Dilmaya alieleza duka la mtindi penye njia panda: vikombe vya udongo vilivyopangwa kwenye maji, utando mnene wa maziwa juu yake, na chembe za zafarani. Bibi akameza mate. Koo lake lilipanda na kushuka.

Walipotoka nje Khimu alisema, "Ana njaa yule."

"Hawatakiwi kula. Ba alisema wanapewa maji na jani la mrehani tu."

"Ba alisema wanaokufa. Huyu anacheka."

Wakajinyima vitumbua vya sukari ambavyo baba aliwapa hela ya kununua. Siku iliyofuata Khimu aliingia na kikombe cha mtindi chini ya mtandio wake. Bibi alikitazama muda mrefu, akageuza uso. Kisha akafumbua mdomo kama kifaranga, na Dilmaya akamlisha kwa kidole. Kesho yake ulikuwa mtindi tena, na wali uliopondwa. Keshokutwa ndizi. Mabinti waliona wanaiba mtu kutoka mdomoni mwa kifo, na raha ya wizi huo iliwajaa vifuani. Hakuna mchezo wowote wa vichochoroni uliowahi kuwa mtamu hivyo.

Siku ya kumi na mbili Girdhari aliingia akamkuta mama yake ameketi, akisuka nywele zake nyeupe.

"Mama," alisema. "Vipi tena?"

"Nimepata nguvu, mwanangu. Leo nipeleke nikauone mto."

Girdhari hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alisimama pale kilemba mkononi, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Baadaye Dilmaya, akifagia ukumbini, alimsikia akisema na Bwana Shukla.

"Tulikwisha kumuaga mbele ya kijiji kizima. Ndugu zangu wamegawana chumba chake. Nikirudi naye watasema nini? Kwamba Kashi imemkataa?"

"Hilo ni lako, ndugu yangu. Keshokutwa chumba nakitaka."

Asubuhi ya siku ya kumi na nne Girdhari alikwenda kuoga. Hakurudi. Chini ya kitanda alikuwa ameacha mfuko wenye sari moja nyeupe na blanketi. Bibi Ramrati alingoja hadi alasiri akisema, "Leo mtoni kuna watu wengi." Baadaye akaacha kusema.

Bwana Shukla alimwita baba yao uani. "Bahaduri, mtoe."

"Nimtoe nimpeleke wapi, bwana?"

"Mji mzima huu ni wa Mungu."

Tilbikram alimbeba bibi mgongoni, kama wanavyobeba wagonjwa kule milimani, akateremka naye ngazi mpaka chini ya hekalu la Wanepali, ambako wajane wengine waliketi kwenye baraza la mawe na mabakuli yao. Mabinti walifuata na mfuko. Wakirudi, Dilmaya alishindwa kujizuia.

"Ba, sisi ndio tuliomlisha."

Baba alisimama. Watu walimpita kulia na kushoto. "Siku ngapi?"

"Tisa."

Hakuwapiga. Alipangusa jasho kwa kiganja, akasema, "Msimwambie mtu," akaendelea kupanda, polepole kuliko alipokuwa na mzigo.

Tangu hapo matembezi yao yote yaliishia kwenye baraza lile. Walimpelekea bibi chapati iliyobaki, dengu kwenye kopo, na kitambaa cha kufunika kichwa. Majuma ya kwanza alikuwa akiwauliza habari za mji. Sasa aliuona mto kwa macho yake, mpana na wa rangi ya udongo, lakini aliutazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyofukuzwa. Wajane wenzake walimsukuma pembeni, maana alikuwa mgeni na hakujua kuomba. Mvua za Julai zilipoanza, homa ikamwingia.

Siku moja Khimu alimnyooshea kipande cha mkate. Bibi hakukipokea.

"Mlinilisha kwa nini?" aliuliza.

Khimu aliushusha mkono wenye mkate.

"Nilikuja nimejiandaa. Nilikwisha kuaga kila kitu, hata ladha ya chumvi. Nyinyi mkanirudishia hamu." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeeleza pale panapomuuma. "Sasa naogopa kufa. Sikuwa naogopa."

Dilmaya alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno. Khimu aliuweka mkate juu ya mfuko, akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka. Siku nne hawakurudi. Walizunguka sehemu za mji walizokuwa hawajazizunguka, mbali na mto, na hawakusimuliana chochote.

Siku ya tano Ganga ulipanda. Ulimeza ngazi moja baada ya nyingine, ukaingia kwenye mahekalu ya chini, ukalifikia baraza la wajane. Vichochoro vilivyokuwa njia vikawa mifereji, na mashua zikapita penye duka la mtindi. Mabinti walitoka kumtafuta, wakikata kona kwa kona hadi maji yakawafika mapajani. Waliuliza kila mlango wenye kizingiti kirefu. Mwishowe, kwenye barabara kuu, waliona lori. Vijana wa kujitolea, waliofunga vitambaa vya utambulisho mikononi, walikuwa wakipakia maskini wa mtoni: vipofu, wakoma, wajane. Walikuwa vijana wapole. Mmoja alikuwa amembeba Bibi Ramrati kama mtoto mchanga.

"Mnawapeleka wapi?" Khimu alipaza sauti.

"Ng'ambo, kuna shule mahali pakavu. Watapata uji na dawa."

Bibi alisikia. Alianza kupapatika mikononi mwa yule kijana. "Si ng'ambo," alisema. "Mwanangu, niache hapa hapa, niache kwenye maji. Si ng'ambo." Maana wote wanajua kwamba ukingo wa pili si Kashi. Anayefia kule amekufa tu kama watu wote wanavyokufa, na atarudi.

"Utapona, Bibi, usijali," kijana alimwambia, akampandisha.

Dilmaya alilikimbilia lori mpaka kiatu kikamtoka. Khimu alimshika kiunoni. Wakalitazama likigeuka kuelekea darajani.

Baba yao alikwenda huko siku tatu baadaye, barabara ilipofunguka. Alirudi jioni, nguo zikinuka moshi wa kuni, akaketi kizingitini akavua viatu.

"Amekufa," alisema. "Nimemchoma mwenyewe, na majivu nimeyatia mtoni. Walikuwa wamemrudisha upande huu kabla hajakata roho. Amefia Kashi."

Khimu alilia kwa faraja. Dilmaya alimtazama baba usoni, naye baba akawa anafungua kamba za kiatu alichokwisha kukivua.

Mwaka uliofuata waliondoka Kashi. Khimu aliolewa, Dilmaya akasoma ualimu, na baba akazeekea nyumbani kwa Dilmaya, mjini Butwal, Nepali. Wajukuu walipotaka hadithi, Dilmaya aliwapa nyani na kiatu cha polisi. Tilbikram alipofika miaka themanini na mbili, akalala kitandani asinyanyuke. Jirani mmoja mcha Mungu alikuja akauliza kama wangempeleka Kashi, gari lipo.

"Siendi popote," mzee alisema. "Hapa nipo karibu na choo."

Jirani alipoondoka, mzee alimgeukia Dilmaya. Kisha akasema, "Maya. Yule bibi alifia ng'ambo. Nilimkuta amelala sakafuni darasani, amekwisha kuwa baridi."

"Najua, Ba."

"Nani alikwambia?"

"Niliona uso wako."

"Na hukusema, miaka yote hii?"

"Ningemwambia nani? Dada alikuwa amepata usingizi."

Alifumba macho. Dilmaya alidhani amelala, akainuka kwenda kuanua nguo, lakini baba akamshika ncha ya sari. "Kaa," alisema. Akakaa naye mpaka jua likahama kutoka kitandani.