Viroboto Hawakusikia

Siem alinyunyiza dawa kwenye mashamba ya maua ya tulipu maisha yake yote, na mkewe Trijntje aliamini dawa hizo ndizo zilizomla mapafu. Walipotoka kumzika, aliapa kwamba sumu haitavuka tena kizingiti chake. Aliyebaki naye ni Pluis, paka mzee wa marehemu.

Kiangazi Pluis akaingiwa na viroboto. Trijntje akanunua kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya umeme ukutani.

"Shoga, ndiyo nini hiyo?" akauliza Afra, jirani yake.

"Inatoa sauti. Sisi hatuisikii, ila viroboto wanakimbia."

"Wakimbilie wapi, kwangu?" Afra akacheka. "Mpeleke kwa daktari wewe! Tone la dawa shingoni, yamekwisha."

"Siem yuko kaburini kwa sababu ya dawa, nawe unaniambia dawa?"

Afra akainamia kahawa yake.

Pluis aliihama sebule, akawa analala bafuni nyuma ya ndoo. Trijntje akaona huko hana kinga, akamchomekea kidude cha pili. Paka akahamia kabatini, kisha akaacha kula. Siku Trijntje alipomfunua mdomo na kuona fizi zimekuwa nyeupe kama chokaa, alimfunga ndani ya koti la Siem akakimbia naye kliniki.

"Mama, wamemnyonya damu karibu yote," daktari alisema, akipitisha kitana manyoyani.

"Lakini sijakizima hata siku moja! Viwili, daktari. Nimeweka viwili."

Daktari aliweka kitana chini. "Vile haviwafanyi viroboto lolote. Anayeisikia sauti ile ni paka."

Trijntje akakumbuka ndoo, akakumbuka kabati. Alitaka kumwomba Pluis radhi, lakini paka alikuwa amekwisha kata roho chini ya kiganja chake.

Nyumbani, viroboto waliokosa paka walimrukia yeye miguuni. Alivumilia wiki nzima, mwisho akamwita mtu wa kupulizia dawa. Alipomwona anaingia na bomba mgongoni, akageuka, akaenda kubisha kwa Afra.

Afra alifungua mlango nusu, akamtazama miguu. "Pole, mwenzangu. Lakini hizo soksi zivulie hapo nje kwanza."

Trijntje akazivua. Akabaki amesimama peku kwenye matofali yaliyolowa mvua, soksi mkononi, asijue azitupe wapi.