Mkanda Uliolala Juu ya Spika

Tangu Wabwire azikwe, mkewe Nanzala aliuweka mkanda wa sauti mahali alipoona panaustahili. Pale sebuleni, mjini Voi, palikuwa na spika kubwa ya mbao iliyolazwa kifudifudi ikageuzwa meza. Alitandika juu yake kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akasimamisha picha ya marehemu, na kando ya picha akaulaza mkanda katika gurudumu lake la plastiki. Kila asubuhi alifuta vumbi jekundu, akaurudisha palepale.

Ndani ya mkanda huo mlikuwa na sauti ya Wabwire, ya kabla ya ugonjwa wa koo. Wabwire alipopasuliwa, binti yao Sheila alikuwa bado ananyonya. Baba aliyemjua maisha yake yote alikuwa mtu wa kunong'ona, na akitaka kuitikiwa alipiga meza kwa vidole: tap, tap, tap. Mkanda wenyewe hakutaka upigwe akiwa hai. "Huyo wa humo ndani alishakufa," alinong'ona siku moja, akaifunika rekoda yake.

Sasa ibada ya kumbukumbu ilikuwa kesho yake, na Sheila alikuwa amekuja kutoka Mombasa na simu yake ya kurekodia, amsikie baba yake kwa mara ya kwanza. Kituku, aliyefanya kazi na marehemu relini, ndiye aliyeitwa kuiamsha rekoda. Mpira wa kuizungusha ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, akakata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli.

"Shemeji, hii mashine ikikubali, uniite fundi."

"Na ikikataa?" Nanzala akauliza.

"Ikikataa, mimi ni Mkamba tu aliyepitia chai."

Akabonyeza. Magurudumu matupu yakaanza kuzunguka polepole. Sheila akapiga makofi. "Mama, lete mkanda!"

Nanzala akauinua kwa mikono miwili. Kituku alikuwa akitabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Mama Sheila, huo mkanda umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu tumzike."

"Juu ya hiyo spika?"

"Kwani ubaya uko wapi? Si nimeutandikia kitambaa?"

Kituku alichukua bisibisi yake, akaisogeza taratibu juu ya kitambaa. Ikamponyoka vidoleni, ikanata juu ya maua yaliyodariziwa, ta!

"Sumaku," alisema kwa sauti ya chini. "Spika ina sumaku mgongoni, na sumaku hufuta mkanda. Marehemu alikuwa anatufukuza hata tukipita na mkanda karibu na spika."

Sheila akamgeukia mama yake. "Mama, umemfuta?"

Nanzala akautazama mkanda mikononi mwake. Mwaka mzima wa kufuta vumbi, kunyoosha kitambaa, kuurudisha palepale. Akakalia mkono wa kiti, mkanda ukiwa mapajani.

"Hatujui bado," Kituku akasema. "Lete. Na umezeeka, unaweza kukatika. Tutaupiga mara moja tu. Sheila, simu iwe tayari."

Aliupitisha mkanda kwenye njia yake, akaufunga kwenye gurudumu la pili. Akabonyeza.

Mvumo, kama mvua ya mbali. Gurudumu likazunguka, likazunguka tena. Mvumo tu. Sheila alikuwa ameuma mdomo, machozi yamesimama. Kituku akatazama sakafu.

Ndipo ikaja sauti nene ya mwanamume, ikicheka: "...hii kitu haing'ati, wewe! Hebu..." Ikazama. Gurudumu likamaliza mzunguko, sauti ikaibuka: "...akikua, asikie..." Ikazama tena. Kila upande uliolala juu ya sumaku ulipopita, Wabwire alipotea, kama mtu anayeingia na kutoka mlangoni.

"Anasema nini?" Sheila akanong'ona. "Anasema nini hapo katikati?"

Nanzala alijua. Siku ile ya kurekodi alikuwa amesimama pale pale, mtoto mgongoni, akikataa kuongea na mashine kwa haya.

"...Sheila wangu..." ikasema rekoda, ikazama.

"...hana jino hata moja," Nanzala akasema, "lakini ameshika kidole changu hataki kukiachia."

"Mama, simu inarekodi!"

"Acha irekodi."

"...basi kama mama yako anaona haya..."

"...mimi nitakuimbia," akamalizia Nanzala, na sauti nene ikaibuka ikiwa tayari katikati ya wimbo wa kubembeleza mtoto. Sheila akajibana karibu na rekoda, akaacha kuuliza. Waliendelea hivyo, mume akianza, mke akiziba mapengo, mpaka mkanda ukaisha.

Ncha yake ikachomoka, ikawa inazunguka na gurudumu ikipiga ubavu wa mashine: tap, tap, tap.

Kituku akanyoosha mkono kuizima. Sheila akaushika mkono huo.

"Ngoja, anko," akasema. "Hiyo naijua."