Mvuke wa Dobi

Siku mdogo wangu alipotutoka, pasi yake ilibaki inawaka. Alikuwa ananyoosha mashuka ya zahanati. Akasema kichwa kinamgonga kama kuna mtu anabisha hodi kwa ndani, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Wewe kila yakija mashuka ya zahanati ndipo kichwa kinaanza," nikamwambia.

"Dada, niache nipumzike kidogo. Nikiinuka hapa nitakunyoosha hata wewe."

Akaegemea ukuta, na alipoegemea hivyo nikaona mdomo wake umekwenda upande. Jirani mwenye teksi alitukimbiza hospitali. Kabla jua halijazama, daktari alitoka akatuita pembeni, mimi na mama, akatuambia kuna mshipa uliopasuka kichwani. Niliporudi kufunga duka nilikuta pasi bado imo kwenye umeme, imesimama wima kama alivyoiacha, kijitaa chake chekundu kinawaka na kuzima. Nikaichomoa. Shuka lilikuwa limenyooshwa nusu. Sikujua nilifanye nini, nikalikunja vivyo hivyo.

Naandika haya kwa sababu yaliyofuata hayajakaa sawa kichwani mwangu, na naona yameanza kunichanganyikia.

Kazi yetu nyumbani ni udobi. Chumba cha mbele tunapokea nguo, cha nyuma tunafua na kupiga pasi. Mama ndiye aliyeanza. Mimi nilimfuata nilipomaliza kidato cha nne, na mdogo wangu akaja mwisho, akilalamika. Kule nyuma, juu ya friji mbovu tunayowekea sabuni, alikuwa na kompyuta yake kuukuu. Nilijua anachora watu wanaopigana. Niliwahi kumwambia achore na wa kusuuza, wanisaidie. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Wiki chache baada ya mazishi waliingia dukani wanaume wawili. Mmoja ni yule tunayemwita Mwenyekiti, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta mtaa wa pili. Jina alilipata kwa sababu ya viti vya plastiki anavyovikodisha kwenye shughuli za watu. Wa pili ni Mwalimu, anafundisha hesabu shule ya msingi. Ni mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini Jumamosi humkosi kwa Mwenyekiti, amekodoa macho kwenye skrini. Nilidhani wameleta nguo.

"Dada, tumekuja kwa habari ya Dobi," Mwenyekiti akasema.

"Dobi ni mimi. Kuna shati limeungua?"

Wakatazamana.

"Si wewe," Mwalimu akasema. "Yule wa marehemu. Anaonea watu."

Ilichukua muda kunielewesha. Kuna mchezo wa kupigana ambao ni wa bure, na wanaoupenda huutengenezea wapiganaji wao wenyewe, kisha hugawiana. Mdogo wangu alimtengeneza mmoja, mwanaume mwembamba anayepigana kwa pasi iliyofungwa kwenye waya. Jina lake Dobi. Sasa vyumba vya michezo vya mitaa kadhaa vilikuwa vimekubaliana kushindana, na wale wa vyumba vingine walikuwa wameshasema: Dobi apunguzwe nguvu, la sivyo hawamtaki. Na wapiganaji wasiokubaliwa wangefutwa kwenye mashine zote.

"Mimi nahusikaje hapo?" nikauliza.

"Wewe ndiye mwenye mtu," Mwenyekiti akasema. "Hatuwezi kumgusa bila ruhusa ya nyumbani. Mimi kwanza sitaki aguswe kabisa. Kazi ya marehemu uanze kuitia patasi?"

"Na mimi nasema apunguzwe," Mwalimu akasema. "Simsemi vibaya, dada. Soketi alikuwa rafiki yangu."

Huko walimwita Soketi. Akiingia mahali, kabla ya salamu, alikuwa akiuliza soketi ya kuchajia iko wapi, maana simu yake ilikuwa inakata roho siku zote.

Jumamosi nikafunga duka mapema nikaenda. Chumba cha Mwenyekiti kina pazia zito mlangoni na feni inayozungusha joto lile lile. Karibu na mlango kuna meza ya fundi simu, dada mmoja mwenye miwani ya kukuzia iliyosukumwa juu ya paji la uso. Yeye ndiye anayejua kuufungua mchezo na kuugusa kwa ndani, na ndiye aliyekuwa akimsaidia mdogo wangu alipokwama. Alifuta kiti kwa kiganja, akanipa.

"Wewe kaa uone," Mwalimu akaniambia. "Usitusikilize sisi. Ona mwenyewe."

Akamchukua bondia mmoja mnene. Mwenyekiti akamchukua Dobi.

Dobi akatokea. Alikuwa amevaa aproni yangu. Namaanisha ile ile ya buluu, yenye mfuko ulioungua pembeni. Nikajishika kiunoni bila kukusudia, kana kwamba nimeibiwa. Akaukung'uta mkono wake kabla ya kupigana, kama tunavyokung'uta shati lililotoka kwenye maji, kisha akaizungusha ile pasi. Kwa dakika nzima mambo yalikuwa sawa. Bondia anapiga, Dobi anapiga, mistari yao ya uhai juu ya skrini inapungua pamoja.

Halafu Mwenyekiti akabonyeza kitu, mvuke ukamfunika Dobi, na Dobi akapiga ukelele.

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Sasa tazama," Mwalimu akasema, vidole vinamkimbia. "Napiga. Napiga. Napiga ukuta! Akiwa kwenye mvuke hashikiki. Na mvuke wenyewe hauishi!"

Ukelele ulikatika, kukasikika mlio mmoja, paa! kama kofi. Kisha kicheko. Kile kicheko chake kirefu, cha mtu anayeshindwa kuvuta pumzi, kinachopanda na kushuka na kuanza upya pale unapodhani kimekwisha. Wakati wote huo mvuke umemzunguka, na bondia mnene anapiga hewa. Kicheko kilipokoma mvuke ukaondoka, Dobi akamtwanga bondia kwa pasi, ikawa mwisho wa raundi.

"Umeona?" Mwalimu akageuka. "Huo ni uungwana?"

Nilikuwa bado natazama skrini. Mwenyekiti akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza kuwa ule mlio wa paa ni ishara, kwamba nguvu za Dobi zinabadilika toka moto kwenda mvuke. Mwalimu akasema hapana, ni onyo kwa mpinzani arudi nyuma. Wakaanza kubishana. Kumbe ubishi huo walikuwa nao tangu zamani.

"Hilo ni shuka," nikasema.

"Shuka gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Hilo paa ni shuka. Nilikuwa nasuuza nje, nikamsikia anapiga kelele ndani, nikadhani pasi imemuunguza na nguo zimeshika moto. Nikaja mbio na shuka bichi nikamtandika nalo mgongoni. Kumbe anajirekodi kwenye simu. Ndipo akacheka hivyo."

Fundi simu akavua miwani. Mwenyekiti akaiweka pedi ya mchezo mezani taratibu.

"Sikujua ni yeye anacheka," Mwalimu akasema. "Nilidhani sauti ameiokota mahali. Dada, nisamehe."

Fundi simu ndiye aliyenifafanulia lililobaki, kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko wodini. Mdogo wangu aliufunga mvuke kwenye sauti. Watu wengine huupa mvuke muda wake na sauti muda wake; yeye aliufanya mvuke ukae mpaka sauti iishe. Ukelele peke yake ni mfupi, hauna ubaya. Kinachomfanya Dobi asishikike ni kile kicheko.

"Tukikata kicheko," akasema, "Dobi anakuwa mtu wa kawaida kama wengine."

"Lakini alikiacha makusudi?" nikauliza.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa, kwa sababu kila mmoja alijua na hakuna aliyejua.

"Alisahau kukata," Mwalimu akasema. "Wiki yake ya mwisho mwenyewe aliniambia Dobi bado hajakamilika."

"Mimi aliniambia amemaliza," Mwenyekiti akasema. "Wiki ile ile! Na Soketi huyu ninayemjua mimi, asahau? Mtu anayesikiliza mlio mmoja mpaka unatamani kumfukuza?"

"Mimi aliniambia atanieleza siku nyingine," fundi simu akasema.

Wote watatu wakanigeukia. Niliishi naye nyumba moja, nikafanya naye kazi chumba kimoja. Nikajaribu kukumbuka alichoniambia mimi wiki ile. Aliniambia sabuni ya unga imebaki kidogo.

"Sijui," nikasema. "Hakusema."

Fundi simu aliihamisha ile sauti kwenye simu yangu, nikarudi nayo nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani anatia vifungo kwenye sare za watu.

"Wanasemaje hao wa viti?" akauliza.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho, sindano iko hewani.

"Kwa hiyo anashinda kwa sababu anacheka."

"Ndiyo, mama."

"Na wao wanataka ashindwe."

"Wanataka aweze kushindwa."

"Kuna tofauti gani?"

"Sijui."

"Mimi sitaki apigwe," mama akasema.

"Si yeye, mama. Ni picha tu."

"Sauti ya nani?"

"Yake."

"Basi."

Nikamwambia kwamba wasipompunguza watamfuta, kwenye mashine zote, hatakuwepo tena kokote ila kwenye simu yangu. Akataka kuisikia. Nikaiweka sikioni mwake. Ukelele, paa, kicheko. Nilimtazama uso, nikaona unafunguka, halafu unajifunga tena. Akanirudishia simu.

"Kwenye simu anachekea ukuta," akasema. Akaendelea kushona, na baada ya vifungo viwili akasema, "Lakini sitaki apigwe."

Nilikwenda kazini wiki nzima na maneno hayo mawili, yote ya mama mmoja. Nikipiga pasi nawaza wamfute, angalau hatakatwa. Nikikunja nawaza wamkate, angalau atakuwepo. Nilimkunjia mteja suruali kwa mikunjo ya shati. Kilichonitesa zaidi ni kwamba ningeweza kumuuliza. Siku zote zile alikuwa hapo, hatua chache kutoka beseni langu, na swali lenyewe ni dogo: hicho kicheko umekiacha kwa nini? Angejibu huku anakula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuwaambia sina jibu. Fundi simu akanivuta mezani kwake kabla sijafika kwa wenzake.

"Kuna njia nyingine," akasema. "Si nzuri sana. Naweza kuufungua mvuke kutoka kwenye sauti. Mvuke uishe na ukelele. Kicheko kibaki, lakini bila mvuke."

"Acheke tu, amesimama?"

"Amesimama anacheka, na anapigika. Hapo ndipo penye ubaya. Mchezo ndivyo ulivyo, mtu akipigwa sauti yake inakatika, anatoa ya maumivu. Kicheko kitasikika chote kama mpinzani atamwacha."

"Mashindanoni hakuna wa kumwacha," Mwalimu akasema nyuma yetu. Alikuwa amesikia. "Nakuambia ukweli, dada. Akisimama hapo anacheka, hata mimi nitampiga."

"Nyamaza wewe," Mwenyekiti akamwambia. "Kinywa hakina breki."

"Ameniambia ukweli, mwache," nikasema.

Nilitafuta ndani yangu yule mtu anayejua, kwa sababu wao walikuwa wananitazama kana kwamba yumo. Sikumpata.

"Fanya hivyo," nikamwambia fundi simu.

Haikumchukua hata muda wa kunyoosha mashati mawili. Mwalimu akamchukua yule bondia wake, Mwenyekiti akamchukua Dobi. Wakapigana kidogo, bila maneno yao ya kila siku, kisha Mwenyekiti akaleta mvuke. Ukelele. Mvuke ukaondoka. Paa. Na Dobi akawa amesimama wazi, na aproni yangu, anacheka.

Vidole vya Mwalimu vikasimama.

"Piga basi," Mwenyekiti akasema. "Si ndivyo ulivyotaka? Unasubiri nini?"

"Nasikiliza."

"Haya, na ukishasikiliza nitakuua mimi hapa."

Mwalimu akanitazama. Nikatikisa kichwa, na hata sasa sijui kama nilimaanisha piga au usipige. Akapiga. Kicheko kikakatika katikati, ikatoka sauti nyingine, ya "ah!", ambayo pia ilikuwa yake, na Dobi akaanguka chali.

"Samahani, dada," Mwalimu akasema.

"Mchezo," nikasema.

Vyumba vingine vilimkubali. Mama nilimwambia kwamba wamemwacha acheke, nikaishia hapo; hakuniuliza zaidi, na sijui kama hakutaka au alikwishajua.

Dobi sasa yumo kwenye mashine zote, na watu wanamchagua. Mara nyingi hupigwa kabla hajamaliza kucheka.